BWANA SHAMBA ANASEMA: Nguvu ya Plaiwudi ni Gundi

Leo nitazungumza nawe juu ya mbao za plaiwudi. Pengine utauliza, "Bwana Shamba ana habari gani na plaiwudi? Hiyo si kazi ya seremala?" Swali lako ni la haki. Nitakujibu kwa kukueleza kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Upande wa Majita, katika Mkoa wetu wa Mara, yuko mvuvi mmoja mzee. Siku moja nilikwenda kijijini kwake kutazama mashamba ya mihogo. Nilimkuta kando ya ziwa, karibu na mtumbwi wake wa mbao. Ubavu wa mtumbwi ulikuwa umeoza mahali pamoja. Tundu lake lilipata upana wa sahani.

Mzee yule alikuwa amenunua kipande cha bodi mjini. Bodi ile ilikuwa nyeusi, laini na yenye kung'aa. Akaniambia, "Bwana Shamba, wewe umesoma. Hebu nisomee maandishi haya. Bodi hii inafaa majini?"

Nikasoma. Paliandikwa neno moja kwa herufi kubwa: MARINE. Nikamjibu, "Mzee wangu, neno hili ni la mambo ya bahari. Bila shaka inafaa." Akashukuru. Akaziba tundu kwa bodi ile, akapigilia misumari, akapaka lami pembeni.

Miezi michache ilipita. Usiku mmoja wa giza, watu 4 walikwenda kuvua dagaa kwa mtumbwi ule. Walipokuwa mbali na nchi kavu, kiraka kilianza kufumuka. Maji yakaingia kwa nguvu. Watu 2 walichota maji kwa ndoo, na wengine 2 walipiga makasia. Kwa bahati njema wenzao wa mtumbwi wenye injini waliona taa yao ikipungwa. Wakawavuta hadi pwani. Watu wote 4 walirudi salama. Wavu na dagaa vilipotea.

Niliposikia habari hiyo nilikwenda kwa mzee. Hakunigombeza. Alinipa kile kipande cha bodi. Matabaka yake yalikuwa yameachana kama kurasa za daftari lililoloa. Akaniambia, "Neno ulilisoma vizuri, Bwana Shamba. Lakini bodi yenyewe hatukuisoma."

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimewauliza mafundi wa Musoma, Bunda na Butiama juu ya plaiwudi. Nimekata vipande na kuvichemsha. Niliyojifunza ndiyo nitakayokueleza leo, ili kosa langu lisiwe lako.

PLAIWUDI NI KITU GANI?

Ubao wa kawaida hupasuliwa kutoka kwenye gogo kwa msumeno. Plaiwudi haipasuliwi hivyo. Plaiwudi huundwa kwa ngozi nyembamba za mti zilizobandikwa pamoja kwa gundi. Ngozi hiyo nyembamba huitwa vinia.

Vinia hupatikanaje? Gogo hulainishwa kwanza kwa maji ya moto au kwa mvuke. Kisha hufungwa kwenye mashine inayolizungusha. Kisu kirefu huwekwa kando yake. Gogo likizunguka, kisu hulimenya. Vinia hutoka mfululizo, kama mkeka unaokunjuliwa. Baadaye vinia hukatwa vipande na kukaushwa.

Ziko vinia nyingine ambazo hazimenywi. Hizo hukatwa slesi slesi, kama unavyokata mkate. Ni nyembamba sana, hata chini ya milimita 1. Hukatwa kutoka kwenye miti yenye sura nzuri, kama mtiki, mkangazi na mninga. Kazi yake ni pambo. Nitazieleza mbele.

Hapa Tanzania kazi ya kumenya magogo hufanywa Mafinga, katika Mkoa wa Iringa, karibu na shamba kubwa la miti la Sao Hill. Huko humenywa hasa mikaratusi na misindano. Majirani zetu nao wana viwanda vya plaiwudi, kama vile Eldoret nchini Kenya na Jinja nchini Uganda. Bodi nyingine huletwa kutoka ng'ambo, kwa mfano China.

KWA NINI MATABAKA HUPISHANISHWA?

Tazama ukuni unapoupasua kwa shoka. Ukuni hupasuka kwa urefu, kufuata nyuzi zake. Ni vigumu kuukata kwa upana. Hii ina maana kwamba mti una nguvu upande mmoja, na ni dhaifu upande wa pili.

Watu wa zamani waliligundua jambo hili, wakalitafutia dawa. Huko Saqqara, nchini Misri, lilipatikana jeneza la miaka zaidi ya 4,500. Liliundwa kwa matabaka 6 ya mbao nyembamba. Nyuzi za tabaka moja zililala kwa urefu, na nyuzi za tabaka lililofuata zililala kwa upana.

Plaiwudi ya leo hufanywa kwa akili hiyo hiyo. Tabaka la kwanza hulazwa kwa urefu, la pili kwa upana, la tatu kwa urefu. Kila tabaka humsaidia mwenzake pale alipo dhaifu. Ndiyo maana plaiwudi haipasuki ovyo, na haijikunji upesi juani kama ubao mbichi.

Hesabu matabaka ya plaiwudi nyingi utaona ni 3, 5, 7 au zaidi, lakini hayagawanyiki kwa 2. Sababu yake ni kwamba tabaka la juu na tabaka la chini lazima yalale upande mmoja. Yakilala hivyo, huvutana sawasawa na bodi hubaki imenyooka.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Katika plaiwudi, kinachofunga umoja huo ni gundi. Gundi ikishindwa, unabaki na maganda tu.

PLAIWUDI SI KITU DHAIFU

Watu wengine huidharau plaiwudi. Husema ni mbao za bandia. Hilo si kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda ndege ya kivita iliyoitwa Mosquito, yaani mbu. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Mwili na mabawa yake yaliundwa kwa mbao, na sehemu kubwa ilikuwa plaiwudi. Ilikuwa kati ya ndege zilizokimbia sana wakati huo.

Zile za mwanzo zilibandikwa kwa gundi iliyotengenezwa kwa maziwa. Gundi ya maziwa hushika vizuri mahali pakavu, lakini haivumilii unyevu. Kwa hiyo iliachwa, ikatumiwa gundi ya kiwandani. Unaona, ndugu msomaji? Hata kwa ndege, jambo la kuangalia lilikuwa lile lile: gundi gani, na mahali gani.

AINA ZA PLAIWUDI NA KAZI ZAKE

Dukani utaona bodi nyingi zinazofanana kwa sura. Zigawe hivi:

1. Plaiwudi ya ndani. Gundi yake huvumilia unyevu kidogo tu. Wakati mwingine huandikwa herufi MR. Inafaa kwa dari, kabati, migongo ya makabati, meza na milango ya vyumba vya ndani. Haifai mahali panaponyeshewa na mvua.

2. Plaiwudi ya nje. Gundi yake hustahimili mvua na hata kuchemshwa. Huandikwa herufi WBP. Inafaa kwa milango ya nje, madirisha, mabango na vibanda. Hata hivyo, gundi ikiwa imara, mti wenyewe unaweza kuoza. Kwa hiyo ni lazima kuipaka rangi ya mafuta.

3. Plaiwudi nyeusi ya zege. Hii ndiyo mafundi wengi huiita marini bodi. Juu yake ina ngozi laini ya kahawia au nyeusi. Ngozi hiyo imewekwa ili zege lisigande kwenye bodi wakati wa kujenga nguzo na sakafu za ghorofa. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Lakini haikuundwa kwa ajili ya mtumbwi. Ndani yake huweza kuwa na nafasi wazi na vinia za mti usiodumu majini. Ukiikata au kuitoboa kwa msumari, maji hupenya kwenye kingo na kwenye tundu, kisha hukaa ndani.

4. Plaiwudi halisi ya mashua. Hii ni nyingine kabisa. Alama yake inayojulikana ni BS 1088. Vinia zake huchaguliwa, hazina nafasi wazi ndani, na gundi yake ni ya nje. Bei yake ni kubwa, na ni adimu katika maduka yetu ya kawaida.

5. Blokbodi. Katikati ina fito za mbao zilizopangwa pamoja. Juu na chini imefunikwa kwa vinia. Ni nene na imara. Inafaa kwa meza, rafu na milango ya ndani.

Usichanganye plaiwudi na jamaa zake. Chipubodi ni chembe za mbao zilizochanganywa na gundi na kushindiliwa. Hadibodi na MDF hutengenezwa kwa nyuzi za mti zilizosagwa. Bodi hizi hazina matabaka yaliyopishana. Chipubodi ya kawaida ikinywa maji huvimba kama maandazi, na hairudi tena hali yake.

JINSI YA KUISOMA BODI DUKANI

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Soma maandishi, lakini usiishie hapo. Muhuri ni rahisi kuupiga. Soma na bodi yenyewe. Fuata hatua hizi:

Kwanza, pima. Bodi ya kawaida ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Kwa mita ni 2.44 kwa 1.22. Unene huandikwa kwa milimita, kama 3, 6, 9, 12 au 18. Nenda na rula yako. Pima unene katika pembe zote 4. Bodi inayosemwa ni ya milimita 12 isiwe 9.

Pili, tazama ukingo. Hesabu matabaka. Yafuatishe kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona tundu au nafasi kati ya matabaka, jua kwamba ndani zimo nyingine.

Tatu, gonga kwa kidole katika sehemu mbalimbali. Mahali paliposhikana hutoa sauti kavu. Mahali palipoachana hutoa sauti ya uwazi, kama debe tupu.

Nne, tazama mstari wa gundi. Gundi ya nje mara nyingi ni nyeusi au ya kahawia. Lakini usitegemee rangi peke yake. Zipo gundi nzuri zisizo na rangi, na gundi mbaya huweza kutiwa rangi.

Tano, ichungulie bodi kwa urefu, kama unavyotazama mshale kama umenyooka. Iliyopinda dukani haitanyooka nyumbani.

JARIBIO LA KUCHEMSHA

Jaribio hili ndilo linalosema ukweli. Kama kikundi chenu kinataka kununua bodi nyingi, msilipe kabla ya kulifanya. Mwombe mwenye duka kipande kidogo. Akikosa, mwombe fundi aliyekata bodi ya fungu lile lile.

1. Kata vipande 2, kila kimoja kama kiganja cha mkono.
2. Kipande kimoja kiweke mahali pakavu. Hicho ni cha kulinganisha.
3. Kipande cha pili kichemshe katika kopo kuukuu kwa saa 4. Hakikisha maji yanakifunika wakati wote.
4. Kitoe, ukianike hadi kikauke kabisa.
5. Kichemshe tena kwa saa 4.
6. Kitazame ukingoni. Jaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya matabaka.

Kama matabaka yameachana, bodi hiyo ni ya ndani tu, hata kama imepigwa muhuri gani. Kama yameshikana, gundi yake ni ya nje. Kumbuka, jaribio hili linapima gundi. Halipimi kama mti utaoza, wala halikupi ruhusa ya kuipeleka bodi ziwani.

Chemsha nje ya nyumba. Kopo ulilotumia usilipikie chakula wala chai. Maji yake yamwage mbali na kisima na mifugo.

Mimi nilichemsha kipande cha bodi ya yule mzee. Hakikumaliza hata saa 2 za kwanza.

UKINGO NDIO MDOMO WA BODI

Sasa nikueleze habari ya Bunda. Kikundi kimoja cha wakulima wa pamba kilijenga ghala. Ukuta ulikuwa wa matofali, na bati lilikuwa jipya. Walipofika kwenye mlango, fedha zilikuwa zimepungua. Wakatengeneza mlango kwa fremu ya mbao na plaiwudi ya ndani pande zote mbili. Wakaupaka rangi nzuri ya kijani.

Mvua za masika zilipoanza, mlango ulivimba chini. Ukakataa kufunga. Wakauacha wazi kidogo, na kuku na panya wakaingia. Mwenyekiti akaniita. Nikainama kutazama. Uso wa mlango ulikuwa na rangi, lakini ukingo wa chini haukupakwa hata tone. Maji ya mvua yaliruka kutoka ardhini na kunywewa pale.

Ukingo wa plaiwudi hunywa maji kuliko uso wake, kwa sababu pale nyuzi za mti zimekatwa na zimebaki wazi. Kwa hiyo:

- Mlango wa nje utengeneze kwa plaiwudi ya nje, au kwa mbao za kawaida zilizokauka.
- Paka kingo zote 4 rangi ya mafuta mara 2 au 3 kabla ya kufunga mlango. Usisahau ukingo wa chini.
- Kila ukitoboa tundu la kitasa au bawaba, paka rangi ndani ya tundu.
- Acha nafasi ndogo kati ya mlango na sakafu.
- Ongeza urefu wa bati juu ya mlango ili mvua isiupige.

Kikundi kile kilikata sehemu iliyovimba, kikapigilia ubao mpya chini, kikapaka kingo zote. Waliokoa mlango, lakini walilipa fundi mara 2.

VINIA YA PAMBO

Habari ya tatu ni ya Butiama. Jirani mmoja alinunua meza ya harusi ya binti yake. Aliambiwa ni meza ya mninga. Sura yake ilikuwa ya mninga kweli. Baada ya mwaka mmoja alitaka kuondoa alama za sufuria ya moto. Akampa kijana apige randa. Randa ilipopita mara 2, uso wa mninga ulikwisha. Chini yake ilionekana chipubodi.

Je, meza ile ilikuwa mbaya? Hapana. Meza yenye vinia ya mninga ni nyepesi, haipasuki ovyo, na hutumia mninga kidogo sana. Miti yetu ya mninga na mvule inapungua, na haikui upesi. Gogo moja la vinia linaweza kupamba meza nyingi. Kosa ni kuuza vinia kwa bei ya mninga mtupu. Kosa la pili ni kuipiga randa kama ubao mzima.

Ili utambue, tazama ukingo na upande wa chini. Katika ubao mzima, mistari ya uso huendelea hadi kwenye ukingo. Katika vinia, mistari hukomea usoni, na ukingo huwa na ngozi nyingine iliyobandikwa. Kama ni vinia, tumia msasa laini kwa mkono mwepesi, kufuata nyuzi. Usitumie randa. Usiweke sufuria ya moto bila kitu chini yake.

KUKATA, KUPIGILIA NA KUHIFADHI

Kabla ya kununua, chora vipande unavyotaka kwenye karatasi. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 hutoa vipande 4 vya meza, kila kimoja futi 4 kwa 2, bila kubaki kitu. Ukikata bila kuchora, bodi hiyo hiyo inaweza kukupa 3 tu.

Ukitaka rafu, nyuzi za uso zifuate urefu wa rafu. Hapo ndipo bodi ina nguvu zaidi. Ukizilaza kwa upana, rafu itabonyea.

Kwa kitanda, usitumie bodi ya milimita 3 au 4. Hiyo ni ya dari na migongo ya kabati. Tumia milimita 9 au 12, na chini yake weka chaga.

Kata kwa msumeno wa meno madogo. Usipigilie msumari ukingoni kabisa. Toboa kwanza tundu dogo ili vinia isipasuke.

Weka bodi zikiwa zimelala juu ya vipande vya mbao vilivyo sawa. Usiziegemeze ukutani kwa siku nyingi, zitapinda. Usizilaze chini kwenye udongo, mchwa hawajui bei.

Jambo kubwa: mabaki ya plaiwudi, chipubodi na MDF usiyatumie kama kuni za kupikia. Gundi zake nyingi zina dawa ambayo moshi wake hudhuru macho na mapafu. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa hukaa karibu na mama jikoni. Ukikata bodi kwa wingi, funga kitambaa puani.

KWA WAVUVI

Ndugu zangu wa Majita, wa Mwigobero pale Musoma mjini, na wa Kibara huko Bunda, sasa nasema nanyi.

Mtumbwi ukioza, usizibe kwa marini bodi ya zege. Mwite fundi wa mitumbwi. Sehemu iliyooza ikatwe yote hadi kufikia mti mzima. Iwekwe mbao halisi ya aina inayodumu majini, iliyokauka vizuri. Kama mtu atakuletea plaiwudi na kusema ni ya mashua, mwulize ilipo alama ya BS 1088, kisha ichemshe kama nilivyoeleza. Akikataa jaribio, bodi yake irudi naye.

Mtumbwi uliotengenezwa ujazwe maji ukiwa pwani, au uelee karibu na nchi kavu kwa siku 2, kabla ya kwenda mbali. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Ndoo ya kuchotea maji isikosekane.

Bei ya ubao mzuri itakuuma siku moja. Tundu ubavuni mwa mtumbwi halingoji uwe karibu na pwani.

MWISHO

Ndugu msomaji, yote niliyosema yanaingia katika maswali 3. Kabla ya kutoa fedha yako jiulize: Bodi hii itakaa wapi? Maji yatafika? Gundi yake nimeijaribu?

Yule mzee wa Majita alipata mbao ya mvule, na fundi akaziba ubavu wa mtumbwi. Wiki iliyopita nilimkuta akipaka rangi. Kile kipande cheusi amekitundika kwenye mti ambapo wavuvi hukaa kushona nyavu. Kila mvuvi mgeni huonyeshwa, na huambiwa habari yake. Jina langu halikosi kutajwa. Sikasiriki. Heri wanicheke pwani, kuliko kumlilia mtu ziwani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Vinia ni nini? Hupatikanaje?
2. Kwa nini matabaka ya plaiwudi hupishanishwa?
3. Taja kazi 2 za plaiwudi ya ndani na kazi 2 za plaiwudi ya nje.
4. Marini bodi ya zege ilitengenezwa kwa kazi gani? Kwa nini haifai kwa mtumbwi?
5. Mlango wa ghala la Bunda uliharibika kwa sababu gani? Ungefanya nini wewe?
6. Bodi moja ina futi 8 kwa 4. Mnataka vipande 10 vya futi 4 kwa 2. Mtanunua bodi ngapi?
7. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vimetengenezwa kwa plaiwudi? Nendeni mkavitazame kingo zake.